Cheti cha Saba na Mkia Uliokataa Kushuka

Jioni moja ya mwezi wa Aprili, mimi na binti yangu Neema tulimsimamisha mbwa wetu Saba barazani, tukampima kwa futikamba ya fundi cherehani. Neema alimshika kidevu na kumnong'oneza atulie, nami nikaishusha futikamba kutoka pale shingo inapokutana na mabega hadi sakafuni: sentimita 49. Nikapima tena kutoka kifuani hadi mwisho wa makalio, nikapata 49 vilevile. Kisha nikambeba, nikapanda naye juu ya mizani ya bafuni, nikatoa uzito wangu, zikabaki kilo 19. Alikuwa ametimiza miezi 11, umri ambao mbwa wa aina yake huwa amekaribia kabisa kimo chake cha mwisho.

Kiwango rasmi cha Jerman Shepadi, aina ambayo tuliambiwa tumeinunua, kinataka jike awe na kimo cha sentimita 55 hadi 60 na uzito wa kilo 22 hadi 32, na urefu wa mwili wake uzidi kimo kwa asilimia 10 hadi 17. Kinataka pia mkia uning'inie kwa mpindo mwepesi, na hata mbwa anaposisimka usiinuke kupita usawa wa mgongo. Mkia wa Saba ulikuwa umejikunja juu ya mgongo kama mkono wa kikombe. Nilijaribu kuushusha taratibu kwa kiganja, nao ukarudi palepale mara tu nilipouachia. Neema, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 11, alinitazama na kuuliza kama tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Sikumjibu usiku ule, kwa kuwa nilitaka kwanza kujua jibu lenyewe.

Saba alifika kwetu Kitengela, Kajiado, tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, na ndiyo asili ya jina lake. Mume wangu hufanya kazi Mombasa na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Nyumba yetu iko pembeni, ikipakana na viwanja vitupu, na miezi miwili kabla ya hapo wezi walikuwa wamekata waya wa ua wa jirani na kuondoka na tangi la maji na pampu yake. Mjomba wangu, ambaye katika ujana wake aliwahi kuwatunza mbwa wa shamba moja la Wazungu huko Naivasha, alinishauri nitafute Alseshani. Wazee wengi wa Kenya bado humwita Jerman Shepadi hivyo, na jina hilo lina historia yake: baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza hawakutaka kusikia neno lolote la Kijerumani, wakambandika mbwa huyu jina la jimbo la Alsace, na ni mwaka 1977 ndipo jina la Jerman Shepadi liliporejeshwa rasmi Uingereza. Huku kwetu jina lile la vita lilibaki vinywani mwa wale waliolisikia kwa waajiri wao.

Nilimnunua kwa shilingi 45,000. Kwa mwalimu wa shule ya msingi hizo si fedha za kuchezea, na nilizilipa kwa sababu ya karatasi. Mfugaji, mzee mstahivu anayeishi nje kidogo ya jiji, alinionyesha mama wa watoto wale, jike zuri mwenye mgongo mweusi na miguu ya rangi ya asali, ambaye alikuja kuninusa mkono kwa utulivu. Baba hakuwapo, nikaambiwa ni wa rafiki yake, na nikaonyeshwa cheti chake na picha yake. Baada ya wiki sita nikaletewa cheti cha Saba mwenyewe. Kilikuwa na vizazi vitatu, yaani majina 14: wazazi wawili, babu na bibi wanne, na wazazi wa hao wanane. Mengi yalikuwa majina ya Kijerumani yenye neno "von" katikati, na Neema aliyasoma kwa sauti mezani kama anayesoma orodha ya wafalme. Nilikitia kwenye fremu ya kioo. Nasema hivyo ili msomaji aelewe kwamba nilikiamini kwa moyo wote.

Dalili zilianza kuonekana mapema, na kila moja ilikuwa na maelezo yake. Masikio yalikuwa yamelala, lakini masikio ya watoto wa Jerman Shepadi hulala mwanzoni, na husimama kati ya mwezi wa tatu na wa sita, mara nyingine yakipanda na kushuka wakati meno ya utotoni yanapobadilika. Tulisubiri. Katika mwezi wa tano sikio la kulia lilisimama wima na la kushoto likajikunja nchani, na mpaka leo yako hivyohivyo. Manyoya yake yalikuwa mafupi yenye kulala juu ya ngozi, bila ile sufu laini ya chini ambayo Jerman Shepadi hupukutisha nyumba nzima. Mfugaji aliniambia kwa simu kwamba ni kwa sababu ya joto la Kitengela. Vidole vya miguu ya mbele vilikuwa na ncha nyeupe. Jirani yetu aliyepita kununua mayai alimtazama akasema waziwazi, "Mama Neema, huyu ni wa kienyeji tu," nami nikaumia kuliko nilivyoonyesha.

Ni dada yangu anayeishi Leicester aliyeleta kipimo, alipokuja likizo mwezi wa Juni. Kilikuwa kijisanduku chenye vijiti viwili vya pamba na bahasha. Nilisugua kijiti ndani ya shavu la Saba kwa sekunde kadhaa, yeye akidhani ni chakula na kujaribu kukitafuna, kisha nikakianika na kukifunga, na dada akaondoka nacho. Majibu yalipofika mwishoni mwa Julai yalisema kwamba nusu ya vinasaba vyake ni vya Jerman Shepadi. Nusu iliyobaki ilikuwa imegawanywa vipande vidogovidogo: asilimia chache za mbwa wa Uchina, chache za mbwa wa kuwinda wa Ulaya, chache za mbwa ambao sijawahi kuwaona hata kwenye picha, na fungu kubwa lililoitwa mchanganyiko usiotambulika.

Nililichunguza jibu hilo kwa siku nyingi, maana vipande vile havikuniingia akilini. Ni nani hapa Kajiado angekuwa na mbwa wa Uchina, na akampandisha kwa mbwa wa uwindaji wa Ulaya, kisha mzao wao akaruka ua wa mfugaji wangu? Maelezo niliyoyapata baadaye ni mepesi kuliko nilivyotarajia. Vipimo hivi havisomi jina la mbwa lililoandikwa ndani ya damu. Hulinganisha alama za vinasaba vyake na za mbwa ambao maabara inazo kwenye hazina yake, kisha humpa kila kipande jirani aliye karibu naye zaidi katika hazina hiyo. Hazina zilianza kujengwa kwa mbwa wa Ulaya na Marekani wenye vyeti. Mbwa wetu wa vijijini, ikiwa hayumo humo, hana wa kufanana naye, na vinasaba vyake hugawiwa kwa wageni.

Ilhali wanasayansi wamekwisha kumchunguza mbwa huyu. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Adam Boyko lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Mbwa wa Uganda walionekana kuwa wa asili ya hapahapa Afrika, tofauti kabisa na mbwa wa Ulaya, huku wale wa Namibia ya kati wakiwa wamechanganyika kwa kiasi kikubwa na mbwa walioletwa na walowezi. Niliposoma hayo nilisimama nikazunguka chumba. Tangu utotoni nimesikia mbwa wa mitaani akiitwa koko, kana kwamba ni makombo ya mbwa wengine, mabaki ya mbegu za kizungu zilizochuja. Kumbe ana ukoo wake, na ukoo huo ni mkongwe mno kuliko ule uliomo kwenye fremu yangu. Jerman Shepadi kama aina iliyoandikishwa alianza mwaka 1899, pale afisa wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz alipomnunua mbwa mmoja wa kuchunga kondoo, akambadilisha jina kutoka Hektor kuwa Horand von Grafrath, na kumwandika wa kwanza katika daftari la chama alichokianzisha. Horand mwenyewe alikuwa mbwa wa wachungaji. Kilichomtenga na mbwa wengine wa wachungaji ni daftari.

Sisemi hivyo ili kulidharau daftari. Hapa ndipo ninapotofautiana na marafiki walioniambia kwamba karatasi ni karatasi, mbwa ni mbwa, nisahau. Daftari la nasaba lina kazi kubwa, na kazi hiyo ni ya afya kuliko ya fahari. Jerman Shepadi ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na kasoro ya nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika kikombe chake, na mbwa akaanza kuchechemea akiwa bado kijana. Kasoro hiyo hurithiwa kwa sehemu, ndiyo maana wafugaji makini huwapiga wazazi eksirei ya nyonga kabla ya kuwapandisha na kuandika matokeo. Mtu anayesoma cheti kwa haki husoma nyonga za babu na bibi. Mimi nilisoma majina yenye "von", na sikuuliza eksirei hata moja. Laiti ningeuliza, huenda ningemwona mzee yule akisita mapema. Na jina likiwa la uongo, eksirei ya mwenye jina haimfai yeyote aliye chini yake.

Swali lililokuwa likiniwasha ni kama mzee alinidanganya. Jibu lilianza kujitokeza kwenye chumba cha kungojea cha daktari wa mifugo, mwezi wa Agosti, nilipompeleka Saba kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Aliketi karibu nami kijana mmoja mwenye dume mkubwa, masikio wima, mkia umelala, manyoya mazito shingoni. Tukazungumza, na tukagundua kwamba tulinunua kwa mfugaji mmoja, wiki moja. Mbwa wetu walikuwa ndugu wa mzao mmoja. Walinusana kwa muda mrefu, kisha dume lile likajilaza miguuni pa Saba.

Daktari, kijana mpole ambaye amemtibu Saba tangu alipofika, alituangalia sote wanne na kutuambia jambo ambalo wanaofuga mbwa kwa biashara wanalijua vizuri: watoto wa mzao mmoja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Jike huwa kwenye joto kwa takriban wiki tatu, na katika muda huo kuna siku kadhaa ambazo atamkubali dume. Mbegu za dume zinaweza kuishi ndani yake kwa siku nyingi, na mayai yake hayapotei kwa saa chache kama ya wanyama wengine. Akipandwa Jumatatu na dume lenye cheti, na Jumatano akatoroka au akafuatwa na mwingine, anaweza kubeba mimba ya wote wawili, na baada ya siku 63 hivi akazaa watoto wanaonyonya pamoja na kufanana kwa macho yasiyofumbuka. Wakiwa na wiki nane wote ni weusi wenye miguu ya kahawia na masikio yaliyolala.

Hapo nusu ile ya kipimo ilieleweka. Kila mbwa hupata kromosomu 39 kutoka kwa mama na 39 kutoka kwa baba. Nusu ya Saba iliyo ya Jerman Shepadi ni ya yule jike mtulivu aliyeninusa mkono, na cheti chake kilikuwa kweli. Majina 7 ya upande wa mama yalikuwa halali. Majina 7 ya upande wa baba hayakuwa ya mbwa wangu.

Nilimwendea mzee bila kumpigia simu. Nilichukua majibu ya kipimo, cheti nilichokitoa kwenye fremu, na Saba mwenyewe. Mama wa Saba alikuwa amefungiwa bandani. Alipomwona binti yake alilia kwa sauti nyembamba, na Saba akaenda kusimama mbele ya waya. Mzee alimtazama Saba kwa muda, masikio, kisha mkia, na hakubishana nami hata kidogo. Aliniambia kwamba mwaka ule, wiki jike lilipokuwa kwenye joto, alikuwa amesafiri kwenda mazishi Murang'a, na kijana wa kazi aliacha banda wazi usiku mmoja. Aliporudi aliambiwa kwamba mbwa wa mchungaji wa jirani alionekana ndani ya ua. "Nilitumaini kwamba haikushika, mama," alisema.

Basi alijua. Nimelipima neno lake mara nyingi, na bado naona kwamba kutumaini hakumpi mtu ruhusa ya kutia sahihi. Cheti kile kiliandikwa kwa kauli yake yeye. Chama kinachosajili hakikuwapo usiku ule. Kinaandika kile ambacho mfugaji anaapa kwamba amekiona, isipokuwa pale kinapodai kipimo cha vinasaba cha wazazi na watoto, jambo ambalo ningependa lifanywe kwa kila mzao hapa kwetu, hata kama litaongeza gharama.

Mzee alikuwa tayari kulipa. Alisema nimwachie Saba, atanipa mtoto mwingine wa mzao ujao bila malipo, na safari hii atampima. Nilimwuliza Saba atakwenda wapi. Alinyamaza, akatazama chini, akasema atatafutiwa mahali. Mimi nimezaliwa kijijini, najua mahali hapo ni wapi kwa jike asiye na karatasi. Nikamwambia kwamba Saba anarudi nami nyumbani, na kwamba ninataka mambo mawili: anirudishie nusu ya fedha, kwa kuwa nilinunua nasaba nzima nikapewa nusu, na awapigie simu wote walionunua mzao ule, mmoja mmoja, awaeleze kuhusu usiku wa banda. La kwanza alilikubali papo hapo. La pili lilimchukua wiki tatu na simu zangu nne, lakini alilifanya. Yule kijana wa kliniki alinipigia kunieleza kwamba amepigiwa, na kwamba atampima dume lake kabla ya kumpandisha kwa yeyote.

Hilo la kuwaarifu wengine ndilo lililonihangaisha kuliko fedha. Mbwa mmoja aliyeandikwa vibaya akizaa watoto sita, na kila mmoja akauzwa kwa majina yale 7 yasiyo yake, baada ya miaka mitano kuna mbwa kadhaa wanaopandishwa kwa kuamini eksirei za babu asiye wao. Mtu atamnunulia mwanawe mbwa, na mbwa atachechemea, na hakuna atakayejua lilikoanzia. Usiku mmoja wa banda wazi unaenda mbali namna hiyo.

Kuhusu ulinzi, ambao ndio ulionifanya nitafute mbwa, sina malalamiko. Watu huniuliza kama chotara anaweza kulinda. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa 2,155 kati yao, na ukaonyesha kwamba aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Mimi ninayo ya kwangu niliyoyaona. Saba habweki ovyo. Usiku anapolala barazani, sikio lake lililosimama hugeuka kufuata pikipiki inayopita barabarani, na yeye haamki. Lakini mwezi wa Septemba, saa nane za usiku, alisimama bila sauti akaenda kwenye kona ya ua inayopakana na kiwanja kitupu, akaunguruma kwa chini, muda mrefu, mpaka nikawasha taa. Asubuhi tulikuta waya umekatwa sehemu mbili upande wa nje, na hakuna aliyeingia.

Mwezi wa Oktoba jirani yuleyule wa mayai alikuja na pendekezo. Anamfahamu mtu mwenye dume la Jerman Shepadi; tuwapandishe, watoto watatoka na robo tatu, wataonekana "pyua" kabisa, na kwa kuwa mimi ninacho cheti, tutawauza kwa bei ya cheti. Alisema kwa nia njema, kwa sababu anajua ada za shule zinavyonibana. Nilimshukuru, na wiki iliyofuata nikampeleka Saba kufungwa kizazi.

Alipoamka kutoka kwenye dawa ya usingizi, akiwa bado anayumba na mkia wake umelegea kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, daktari alinipa kadi yake ya chanjo niisaini. Mahali pa aina ya mbwa palikuwa pameandikwa Jerman Shepadi kwa mwandiko wake wa mwaka uliopita. Nilimwomba arekebishe. Akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, na kuniuliza, "Niandike nini, Mama Neema?"

Nikamwambia aandike: mama Jerman Shepadi, baba mbwa wa kienyeji. Akaandika, akapiga mhuri na kutia tarehe pembeni. Cheti cha majina 14 nilikirudisha kwa chama kilichokitoa, pamoja na nakala ya kipimo na barua ya ukurasa mmoja niliyoiandika kwa mkono, na fremu ikabaki wazi. Neema ameweka ndani yake picha ya Saba akiwa barazani, amesimama upande, sikio moja juu, mkia umejikunja.